Sheria Niliyoitunga Mwenyewe

Katika daftari langu la mchezo wa vita vya vifaru, ukurasa wa tatu, kuna sheria inayosema hivi: kifaru kikiwakaribia askari wa Keya, mchezaji arushe dadu, ikitoka tano au sita wabaki, ikitoka nne au chini yake wakimbie, isipokuwa Sajenti Leakey yuko karibu nao. Sheria hiyo niliitunga mimi. Sikuisoma katika kitabu chochote, na hakuna mtu aliyekuwa vitani aliyenisimulia. Niliitumia kuwafundisha watoto wa watu historia, nao wakaiamini. Hilo ndilo kosa ninaloliungama hapa, na nitalisema jinsi lilivyokuwa.

Nina duka la kuchapisha na kutoa nakala hapa Mlolongo, karibu na mizani ya kupimia malori. Wateja wangu wengi ni madereva wa malori ya masafa marefu: wanakuja kuchapisha karatasi za forodha, za bima, barua za matajiri wao. Mji huu umekua kwa foleni ya malori, na jina lake linasema hivyo. Dereva aliyesimamishwa hapa hajui ataondoka saa ngapi, kwa hiyo huwa na nafasi ya kukaa, kunywa chai na kubishana. Februari 2009, meli ya MV Faina ilipofika Mombasa na vifaru 33 vya T-72 baada ya kushikiliwa na maharamia wa Kisomali tangu Septemba ya mwaka uliotangulia, hapa mizani hapakuzungumzwa jambo lingine. Madereva walihesabu: kifaru kimoja zaidi ya tani 40, trela ya aina gani itakibeba, ekseli ngapi, na daraja gani litakistahimili. Mimi nilikuwa nikisikiliza, na mapenzi ya vifaru yakaniingia hapo.

Miaka ilipita kabla sijajua kwamba kuna watu duniani wanaopigana upya vita vya kweli juu ya meza, kwa vifaru vidogo, futi na dadu. Mchezo wenyewe ni wa zamani. Mwandishi Mwingereza H.G. Wells alichapisha kitabu cha sheria zake, Little Wars, mwaka 1913, na kabla yake maofisa wa Prussia walikuwa wakijifunza vita kwa mchezo wa ramani. Nilivutiwa na namna mchezo unavyomlazimisha mtu kujibu maswali ambayo msomaji wa kawaida huyapita. Kifaru hiki kinaona umbali gani? Kikipanda kilima hiki kinatumia muda gani? Daraja likiwa limevunjwa, nani anavuka kwanza, na anavuka vipi?

Anayetaka kuanza aamue kwanza kipimo. Vifaru vya plastiki vya 1/35 wanavyounganisha mafundi wa maonyesho ni vizuri kwa kuwekwa kabatini, lakini viwili tu vinajaza meza. Kuna 1/72, kuna 1/100, na kuna vidogo kabisa vya 1/285 na 1/300, ambavyo ndivyo nilivyovichagua. Kampuni ya GHQ ya Marekani imekuwa ikiuza vifaru vya madini vya 1/285 tangu miaka ya 1960. Kwa kipimo cha 1/300, kifaru cha Kiitalia cha M11/39, ambacho urefu wake halisi ni mita 4.7, kinakuwa na milimita 16, unaweza kukilaza juu ya ukucha wa kidole gumba. Faida yake ni ardhi. Meza ya futi nne kwa tatu, sentimita moja ikisimama badala ya mita 25, inakupa uwanja wa kilomita tatu kwa zaidi ya mbili, na hapo ndipo unapoanza kuona kwa nini jemadari alizunguka kilima badala ya kukipanda. Kwa vifaru vikubwa, hilo hulioni kamwe.

Sikuagiza chochote kutoka ng'ambo. Nilikuwa na printa, karatasi ya manila, wembe na gundi. Nilichora mwili wa kifaru ukiwa umekunjuliwa, nikauchapisha, nikaukata, nikaukunja kwa ncha ya sindano iliyochoka. Mnara wake ulikuwa shanga iliyokatwa nusu, na mitutu ya bunduki yake nywele za brashi ya viatu zilizopunguzwa. Kila kifaru nilikibandika juu ya kipande cha mfuniko wa ndoo ili vidole vipate pa kushika. Milima ilikuwa sponji ya godoro iliyopangwa tabaka kwa tabaka na kupakwa rangi, mto ukawa karatasi ya nailoni ya buluu, na barabara ilikuwa mchanga wa machimbo niliouchekecha kwa kichujio cha chai. Vumbi la saruji la upande wa Athi River hutua juu ya kila kitu hapa, na baada ya muda liliipa meza ile rangi ya kiangazi bila mimi kuigusa.

Askari walikuwa shida. Mtu wa kipimo hicho ana urefu wa milimita sita. Nilikata vijiti vya kiberiti, nikavichovya rangi ya khaki, nikapanga vinne vinne juu ya kitako cha sentimita mbili, kitako kimoja kikawa kikosi kizima. Kazi ya kifaru kimoja ilinichukua jioni nzima. Askari wote wa batalioni niliwamaliza kwa mkupuo mmoja, redio ikiwa inatangaza mpira. Sikuiona tofauti hiyo wakati ule. Naiona sasa.

Wengi wanaoanza mchezo huu duniani huanza na mapigano ya Kursk au El Alamein. Nilitaka vita vya kwetu, na nikapata Colito. Ni mji wa kusini mwa Ethiopia, kando ya mto Bilate, ambao sasa unaitwa Alaba Kulito. Mei 1941 majeshi ya Uingereza yalikuwa yamekwisha kuingia Addis Ababa tangu Aprili 6, lakini Waitalia wengi walikuwa bado katika nchi ya maziwa. Mei 19, batalioni ya 1/6 ya King's African Rifles, jeshi ambalo babu zetu waliliita Keya, ilivuka mto chini ya risasi ikashika ng'ambo ya pili. Vifaru vya Kiitalia vikatokea. Askari wale walikuwa wa miguu. Kwa anayeanza mchezo hii ni vita nzuri mno: mto mmoja, batalioni moja, vifaru vichache, na swali moja kubwa la namna ya kukiondoa kifaru kwa mikono.

Jibu la swali hilo limeandikwa katika tangazo la nishani ya Victoria Cross aliyopewa Sajenti Nigel Gray Leakey, mzaliwa wa Kenya mwaka 1913, wa ukoo ule ule wa Louis Leakey wa Olduvai. Kifaru kimoja kilitokea nyuma ya askari wa mbele. Leakey akakirukia, akafungua mfuniko wa mnara, akampiga risasi kamanda na waliokuwemo isipokuwa dereva, akamlazimisha dereva huyo akiendeshe mpaka mahali pa kujificha. Akajaribu kuutumia mzinga wake, ukakataa. Akashuka, akakimbia katikati ya risasi kwenda kuvivizia vifaru vingine. Viwili vikapita, akapanda juu ya cha tatu, akaua mmoja wa waliokuwemo, na kifaru cha nne kikampiga kwa bunduki ya rashasha akaanguka. Nishani ilitangazwa Novemba 1945, miaka minne na zaidi baada ya kifo chake.

Nililichapisha tangazo hilo, nikalibandika ukutani juu ya meza. Nililisoma mara nyingi sana. Na ndani yake, waziwazi, imeandikwa kwamba Leakey hakwenda kuvivizia vile vifaru peke yake. Alikwenda na sajenti-meja Mwafrika na wenzao wengine wa kikosi. Jina la Leakey limetajwa. Majina ya hao wengine hayakutajwa. Tena linasema kwamba askari waliendelea kupigana. Yote mawili yalikuwa ukutani kwangu, kwenye kimo cha macho, nikayaruka.

Nikaketi kuandika sheria. Kwa kifaru nilikuwa mwangalifu kupita kiasi. Nilichagua M11/39 kwa sababu huchukua watu watatu, na tangazo nililisoma kwa hesabu ya kamanda, mwenzake na dereva. Nilijua chuma chake cha mbele ni milimita 30. Nilijua mzinga wake wa milimita 37 umefungwa mwilini, hauzunguki na mnara, na mnarani kuna bunduki mbili za rashasha tu, kwa hiyo anayekijia kwa ubavu hakabiliwi na mzinga. Nilijua Waitalia walikuwa na vifaru 24 tu vya aina hiyo katika Afrika Mashariki yao yote. Kila moja ya habari hizo niliigeuza kuwa sheria. Nilichora pembe ya mzinga kwa bikari.

Halafu nikafika kwa askari. Vitabu vya sheria nilivyokuwa nimeviona vinayapanga majeshi kwa ubora: wazoefu, waliofunzwa, wachanga. Niliwaandika Keya katika wachanga. Hakuna aliyeniambia. Mkono uliandika wenyewe, na nikikumbuka sasa najua kilichouelekeza. Vitabu vyote nilivyosoma viliandikwa na watu wa kule, kuhusu watu wa kule, na Mwafrika anapotokea ndani yake hutokea akiwa mzigo, akiwa umati, akiwa anangoja kuamrishwa. Nilikuwa nimeyala hayo miaka mingi bila kuyatafuna. Nikawapa nne kushuka chini, maana yake wakimbie mara mbili katika kila tatu. Na kwa kuwa nilitaka mchezo uwe na shujaa, nikampa Leakey uwezo wa kuwazuia wasikimbie.

Angalia nilichokuwa nimewafanyia watu wale. Divisheni yao, ya 11, ilikuwa imevuka Juba mwezi Februari, ikapita Mogadishu, Jijiga na Harar mpaka Addis Ababa, maelfu ya kilomita kwa miezi michache. Kufika Colito, askari hao walikuwa wamefanya kazi nyingi ya vita kuliko askari wengi wa Uingereza wa wakati huo. Mimi nikawaandika wachanga, mezani kwangu, nikiwa sijawahi kusikia risasi.

Mchezo ulipendwa. Madereva walicheza, vijana wa mtaani wakacheza, na mwalimu mmoja wa Historia kutoka shule ya jirani aliyekuja kutoa nakala za mitihani akauona. Akaniomba niulete shuleni. Niliubeba kwa bodaboda, meza ikiwa imekunjwa, vifaru ndani ya trei ya mayai. Wanafunzi wa kidato cha pili waliuzunguka mpaka wengine wakapanda juu ya madawati. Mambo yakaenda kama sheria yangu ilivyoamuru. Vifaru vilitokea, dadu zikarushwa, vitako vya askari vikaondolewa kimoja baada ya kingine, darasa likapiga kelele, na mvulana aliyeshika kipande cha Leakey akakikimbiza huku na huko akiwaokoa askari. Walishinda. Walifurahi sana. Mwalimu alinishukuru mbele yao akisema leo wameiona historia kwa macho.

Majuma kadhaa baadaye alipita dukani na fungu la insha, akanionyesha moja kwa fahari. Msichana alikuwa ameandika kuhusu Vita vya Pili vya Dunia katika Afrika Mashariki, kwa mwandiko mzuri, na alipofika Colito akaandika kwamba askari Waafrika walipoona vifaru walitoroka, mpaka Mzungu mmoja aliyekuwa jasiri akawazuia na kuwaokoa. Mwalimu alikuwa ameweka alama ya tiki pembeni.

Kaunta yangu ni fupi, na dereva mmoja wa makamo kutoka Tabora alikuwa amesimama hapo akingoja karatasi zake. Huyo naye alikuwa mchezaji. Aliisoma insha ikiwa mkononi mwangu, akaniuliza polepole, "Nani alikimbia?"

Nikamwambia ni sheria ya mchezo tu, mzee.

"Umeitoa wapi, mwanangu?"

Sikuwa na la kujibu. Akaniambia kwamba batalioni za Sita zilikuwa za Tanganyika, kwamba babu yake mzaa mama alikuwa Keya, na kwamba kila alipocheza mezani kwangu aliona wale askari wanavyoondolewa akadhani mimi nimesoma mahali. Alinyamaza kwa sababu aliniamini kuwa najua. Kisha akasema, "Kama hukujua, ungeuliza." Akalipa, akachukua karatasi zake, akaenda. Hakupaza sauti hata kidogo.

Mwalimu alikuwa bado amesimama. Nilimwambia palepale kwamba sehemu ile ya insha imetoka kwangu, na kwamba mimi niliitunga. Ni mtu muungwana, alijaribu kunirahisishia: mchezo ni mchezo, watoto wataelewa. Lakini sikuweza kuukubali msamaha huo, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuona wanavyoelewa. Darasani, mwanafunzi anaweza kulisahau neno la mwalimu. Jambo alilolifanya kwa mkono wake mwenyewe, akaondoa askari mezani kwa sababu dadu imesema, hilo analishika. Nguvu ya mchezo iko hapo, na niliijua nguvu hiyo vizuri sana nilipokuwa nikiusifu.

Kuna mfano ninaoupenda wa mchezo uliotumiwa ipasavyo. Mwaka 1942 mjini Liverpool, Kapteni Gilbert Roberts wa jeshi la majini la Uingereza na wasichana wa kikosi cha Wrens waliigeuza sakafu ya chumba kuwa bahari ya Atlantiki, wakacheza mapigano ya misafara ya meli na nyambizi za Kijerumani. Mchezo ukawaonyesha kwamba nyambizi zilikuwa zikiingia katikati ya msafara na kupiga kutoka ndani, jambo ambalo maofisa walikuwa hawajaliamini. Wakabuni mbinu ya kuzisaka, na maelfu ya maofisa wakapita katika chumba kile kujifunza. Roberts alianza na ripoti za waliotoka baharini. Sheria za mchezo zilifuata ripoti. Mimi nilikuwa na ripoti moja tu, imebandikwa ukutani, na sheria yangu ikaipinga.

Usiku huo nilifungua daftari na kulisoma tangazo tena, mstari kwa mstari, kidole juu ya karatasi. Ilinichukua muda kulala.

Marekebisho hayakuwa magumu, na hilo liliniuma zaidi, maana yangekuwa rahisi vilevile tangu mwanzo. Nimewaandika askari wa 1/6 katika wazoefu. Nimefuta uwezo wa Leakey wa kuwazuia watu wasikimbie. Nimeandika sheria mpya ya kuvizia: kikosi chochote kilicho ndani ya sentimita mbili za kifaru kilichofunga mifuniko kinaweza kujaribu kukipanda, kwa sababu walio ndani ya chuma huona kwa kitundu tu, na aliye karibu nao hawamwoni. Leakey anatumia sheria hiyo hiyo, kwa dadu ile ile. Na nimetengeneza kipande cha sajenti-meja. Kwa huyo nilikaa jioni nzima. Nilichonga kijiti peke yake, nikampa mabega, kofia na bunduki, nikamweka juu ya kitako chake.

Nilirudi shuleni na meza, nikawaambia wanafunzi kabla ya kupanga chochote kwamba mara ya kwanza niliwadanganya, na nikawasomea tangazo kwa Kiswahili. Kijana mmoja akainua mkono akasema tumpe sajenti-meja jina, tumwite Juma. Darasa likapenda. Nikakataa, na nikawaeleza kwa nini: kumbandika mtu wa kweli jambo la kubuni ndiko kulikotuleta hapa. Mezani anaitwa Sajenti-Meja, basi. Wakauliza kama kuna mahali majina yapo. Niliwaambia waende Ngong Road, makaburi ya vita ya Nairobi, ambako Mnara wa Kumbukumbu wa Afrika Mashariki una jina la Leakey pamoja na majina ya askari wengi wa Keya ambao makaburi yao hayajulikani. Wanaopita Kenyatta Avenue wanaziona sanamu tatu za askari na mpagazi zilizosimamishwa miaka ya 1920, na hazina jina la mtu. Kule Ngong Road majina yapo, na kutoka Mlolongo ni matatu mbili tu.

Yule msichana hakuwa darasani. Familia yake ilikuwa imehama, na shuleni hawakuweza kuniambia alikokwenda. Insha yake alikuwa amerudishiwa kabla, na ile tiki pembeni. Nimemwomba mwalimu, kama siku moja atawasiliana nao, amfikishie neno langu. Mpaka sasa, katika wale niliowafundisha vibaya, yeye ndiye aliyeliandika kosa langu kwa makini kuliko wote, na yeye ndiye ambaye sijamwambia.

Yule dereva wa Tabora alirudi. Madereva hurudi, barabara ni moja. Nilimwekea daftari juu ya kaunta akasoma sheria mpya, kisha akaomba tuandike pamoja vita ya Lukaya, ambayo madereva wa Uganda na wa Tanzania wamekuwa wakiitaka siku zote. Machi 10, 1979, katika barabara ya Masaka kwenda Kampala, kando ya kinamasi, Brigedi ya 201 ya JWTZ ilikutana na jeshi la Amin pamoja na Walibya waliotumwa na Gaddafi wakiwa na vifaru vya T-55 na makombora ya Katyusha. Makombora mengi yalipita juu ya vichwa vya Watanzania, lakini wengi wa brigedi ile walikuwa wanamgambo wasio na uzoefu, na kishindo kile kiliwavunja; wakarudi nyuma. Usiku Brigedi ya 208 ikazunguka, na kulipokucha ikawapiga adui kutoka nyuma. Tony Avirgan na Martha Honey waliieleza vita hiyo katika kitabu chao kuhusu vita vya Uganda, War in Uganda, kilichotoka mwaka 1982.

Nilisita kuandika kwamba 201 wanaweza kukimbia. Niliogopa uso wa yule mzee. Yeye ndiye aliyesema, "Andika. Hilo lilitokea." Kwa hiyo limeandikwa, na pembeni yake sababu zimeandikwa pia: wageni wa vita, makombora, kinamasi kila upande wa barabara. Watu walewale siku ya pili wanarudi mstarini, na sheria inawaruhusu kurudi, kwa sababu walirudi.

Tunachobishania sasa ni Colito. Mimi naona askari wa 1/6 lazima warushe dadu kifaru kinapowajia, hata kama ni moja tu ndiyo itakayowavunja, kwa kuwa hofu ilikuwepo, na mtu asiyeogopa hana ujasiri wa kusimuliwa. Yeye anasema hapana: walivuka mto, walibaki, imeandikwa walibaki, dadu ya nini? Nimemwambia kwamba bila dadu si mchezo tena. Ameniambia hilo ni tatizo la mchezo. Amepakia saruji kwenda Kampala, na akirudi tutaicheza kwa namna zote mbili, tukianza na yake.